Saumu ya Siku ya Idi

Mpishi wa mtaa wetu hakuwa mtu wa kubisha hodi. Umekaa zako na kazi yako, mara unasikia, "Hiyo nguo unaishona au unaiadhibu?" Ukiinua uso yuko mbele yako, kanga moja kiunoni, nyingine begani, na mwiko mkononi utadhani kazaliwa nao. Cherehani yangu naiweka barazani, hapa Kilwa Masoko, na baraza yangu inatazama uani kwake. Miaka kumi na minane nimeshona huku namtazama akipika. Kwa hiyo nikisema nilichelewa kuona, nasema kwa aibu, wala sitafuti wa kunitetea.

Jina analo, lakini mtaa mzima tulimwita Mpishi. Mimi mbele yake nilimwita mama, maana amenizidi umri kwa mbali. Ukimuuliza kwao ni wapi na wazee wake ni akina nani, alikujibu, "Umekuja kula au umekuja kuandikisha?"

Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, mwali akitolewa, wali wote ulipita mikononi mwake. Korosho zikishavunwa na harusi zikipangana kule Kiranjeranje, watu walimfuata kwa bodaboda wiki nzima kabla, kusudi wenzao wasiwawahi. Kikombe cha kupimia hakukijua. Alitia mkono kwenye gunia la mchele, akanusa, akauliza umelimwa wapi, akishajibiwa ndipo alipojua maji kiasi gani. Chumvi aliionja kwa kudondosha mchuzi nyuma ya kiganja na kuulamba huku kafumba macho. Hapo hata mwenye shughuli alinyamaza akisubiri hukumu.

Na shughuli isiyo na ugomvi hakuipika. Nakumbuka mama mmoja wa bwana harusi alileta nyama imekonda, ngozi na mifupa. Mpishi akainyanyua mbele za watu: "Huyu mbuzi mmemchinja au mmemkuta amejifia?" Jamani! Wanawake wakaziba midomo kwa kanga, yule mama akawa hajui pa kuuweka uso. Basi jioni, watu wameshakula wametawanyika, nikamwona Mpishi anaingia chumbani kwa mama yuleyule na sahani ya mnofu mtupu, imefunikwa kawa. Nikamuuliza mbona hivyo, si umetoka kumtukana. Akasema, "Nimemtukana ndiyo. Lakini tangu alfajiri hajatia kitu tumboni, nilikuwa namwona."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ambayo watu hawakuisema. Katika umati wa harusi alijua nani hajala. Alimwona bibi aliyerukwa na sinia, alimwona binti anayejifanya ameshiba kwa kuona haya wakwe. Yeye mwenyewe alikula mwisho kabisa, ukoko, ameketi juu ya kibao cha mbuzi na pilipili mbichi pembeni, na ule mvunjiko wa ukoko menoni ulisikika hadi kwangu.

Kuswali aliswali, lakini upesi. Mke wa imamu alikuwa akimwambia, "Dada, sijida yako hata kuku hajadonoa." Naye anajibu, "Mola anajua nina sufuria mekoni." Tulicheka, na mke wa imamu naye alicheka ingawa hakutaka.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ulimi unaochoma, na mara nyingine ulichoma asiyestahili. Kulikuwa na jirani mmoja, alijifungua, akawa analia kutwa, mtoto hataki kumshika. Watu wakasema ana mawazo. Mpishi akasema, "Mawazo? Mpeni ungo wa mchele achambue, yataondoka yenyewe." Mimi nilicheka hadi uzi ukakatika. Yule jirani akachukuliwa na ndugu zake, na hatukumuuliza tena. Leo nikimkumbuka roho inaniuma, kwa sababu kicheko kile kilikuwa changu pia.

Sasa, watu hupenda kuuliza: kwani Mpishi alipatwa na nini? Hakupatwa na kitu. Hakufiwa, hakuibiwa, hakugombana na mtu zaidi ya ilivyokuwa desturi yake. Binti yake wa pekee ameolewa Lindi, ana mume mwema. Ningekuwa na msiba wa kuwaonyesha, ningewaonyesha, ingekuwa rahisi kuelewa. Sina.

Ninachokumbuka ni harusi moja ya mwezi wa Rajabu. Pilau ilitoka na kiini, mchele haujaiva ndani. Mama wa bibi harusi akaja juu, akasema maneno, sisi tukajiweka tayari kusikia majibu. Mpishi akasema, "Nisameheni." Akakaa. Lahaula! Mtaa mzima ulizungumzia hilo, na ulizungumzia kwa furaha. Mpishi kaomba radhi! Amekua, ametulia, ameanza kumjua Mola wake.

Hapo ndipo tulipopotea, na tulipotea kwa adabu kabisa. Kila kilichofuata tulikiandikia ibada. Ukimkaribisha chai ya asubuhi, anasema, "Nimefunga." Jumatatu na Alhamisi, tukasema anafunga sunna. Kisha ikawa siku zote, tukasema mashallah, kazidisha. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia fagio lake uani, linafagia palepale palipofagiliwa, nikajua huyu anaamkia tahajudi, swala ya usiku. Alikuwa halali, kumbe. Kupika akaacha: "Moshi umenichosha." Utani wangu alikuwa anaujibu nimeshausahau, au hajibu. Kichwa kinamuuma, mgongo unamuuma, kanga ileile siku ya nne. Tukasema ameipa dunia kisogo. Wamama wakawa wanawaambia mabinti zao, mtazameni Mpishi, mwanamke akitubu ndivyo anavyokuwa.

Nami sikubaki nyuma. Mume wangu alikuwa na kesi ya shamba la mikorosho, nikamwendea Mpishi, nikaketi kitako mbele yake, nikamwomba aniombee dua. Akasema, "Dua yangu mimi haifiki popote, mwanangu." Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, mwanamke yule ana unyenyekevu, hujapata kuona. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyosema.

Wiki moja baadaye akaanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa, lile la kupikia kilo hamsini, akalipeleka msikitini. Mwiko akaniletea mimi. "Wa nini, mama?" "Sitauhitaji." Nikapokea, nikasema Mungu akulipe. Tuliita sadaka. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila anayenisikia akishike, ni hiki: mtu anayegawa vile alivyoishi navyo, na hasafiri, usimwambie asante ukaondoka. Kaa umuulize.

Ramadhani ikaingia na kutuziba macho kabisa, maana kila mtu kafunga. Jioni nilimpelekea futari: uji, mihogo ya nazi, tambi. Asubuhi vyombo vinarudi vitupu, vimeoshwa. Nikafurahi. Jambo moja tu nililiona na sikulielewa: kuku wake walinenepa sana mwezi ule.

Siku ya Idi, watu wametoka kuswali, nikamchukulia sahani ya pilau. Nilimkuta amekaa mkekani, mgongo ukutani, hajaoga, hana nguo mpya wala udi haujafukizwa.

"Shikamoo mama. Idi mubaraka."

"Marahaba."

"Nimekuletea pilau yangu uicheke."

"Asante, mwanangu. Nimefunga."

Nikasimama na sahani yangu. Siku ya Idi hafungi mtu. Mtoto wa chuo anayeanza alifu analijua hilo, ni haramu. Na Mpishi alilijua kabla sijazaliwa. Nikamtazama, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu nikamtazama kweli. Bangili yake, ambayo alikuwa haivui ila kwa sabuni, ilikuwa imeteleza hadi kwenye kiwiko. Nikawakumbuka wale kuku.

"Mama, leo Idi."

"Leo Idi?" Alishangaa kweli. Kisha akasema polepole, "Basi sijafunga. Chakula hakipiti tu. Nikisema nimefunga, watu wananiacha."

Mimi ni mwanamke wa kelele, mtaa unanijua, na neno la kwanza lililonijia lilikuwa la kumgombeza. Nikalimeza. Nikaketi mkekani, magoti yangu yanagusa yake. Nilikuwa na swali na nilikuwa naliogopa, maana niliamini ukimuuliza mtu jambo lile unamtia wazo ambalo hana. Siku hizi najua si kweli, lakini siku ile sikujua, niliuliza kwa hofu tu.

"Mama, unawaza kufa?"

Akaitazama sahani. "Kila siku. Naomba nisiamke. Usimwambie mtu, ni dhambi kubwa."

"Umepanga kujifanyia kitu?"

"Sijapanga. Ila naona nikiondoka mtapumzika. Mimi nimekuwa mzigo."

Nililia. Sikulia kwa siri, nililia kwa sauti mbele yake, siku ya Idi, na yeye machozi hayakumtoka hata moja. Alikuwa ananitazama jinsi mtu anavyotazama mvua iliyo upande wa pili wa barabara. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maneno.

Basi sikuondoka. Nilimpigia mume wangu, nikamwambia wageni wajipakulie wenyewe. Nikampigia binti yake Lindi, nikamwambia asisubiri kesho, na kweli akaja siku hiyohiyo, na nguo zake za Idi. Mke wa imamu naye akafika, akataka kumsomea Kurani. Nikasema, "Msomee, dada, na kesho tunakwenda hospitali. Vyote viwili." Nilijiandaa kugombana. Mwanamke wa watu akasema, "Kwani nani kakwambia nakataa? Nami nitawasindikiza mpaka stendi."

Aliyekataa ni Mpishi. Hospitali ya wilaya ni ya wagonjwa, yeye haumwi. Watu wataona. Na kisha akasema neno ambalo silisahau: "Wakijua nimetibiwa akili, nani atakula wali wangu?"

Fikiria. Mtu amegawa sufuria, amegawa mwiko, anaomba asiamke, na bado anaogopa wali wake usiliwe! Mahali fulani ndani mle Mpishi bado alikuwepo, anapika. Nikamkamata hapohapo. "Wasioutaka nitakula sehemu yao mimi. Simama, tukuogeshe." Binti yake akachota maji.

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Alimwamkia Mpishi shikamoo kwanza, akavuta kiti chake karibu. Hakumuuliza kama ana wazimu. Alimuuliza analala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Anakula nini. Nini alikuwa anakipenda, na bado anakipenda? Anajiona ana faida? Anawaza kufa? Haya mambo yameanza lini? Mpishi akajibu yote kwa sauti ndogo, na mimi pale kwenye benchi nilikuwa nasikia mtaa wetu unasomwa: saumu, tahajudi, unyenyekevu, sadaka. Kila tulichokiita thawabu kilikuwa dalili.

"Mama, huu ni ugonjwa," daktari akasema. "Unaitwa sonona. Si uvivu wala si upungufu wa imani. Unatibika." Kisha akatugeukia sisi. Huzuni kila mtu anayo, akasema, lakini ikikaa wiki mbili mfululizo, na mtu hapati usingizi, hali chakula, hafurahii kitu, kazi imemshinda, mleteni. Akizungumzia kufa, msihesabu siku, mleteni leo leo na msimwache peke yake. Wiki mbili! Mimi nilikuwa nimeitazama miezi mitatu, na uzi sindanoni.

Dawa hazikufanya muujiza. Daktari alisema zitachukua wiki kadhaa, na kweli zilichukua. Wiki ya kwanza tumbo lilimchafuka akataka kuacha. Nikakataa. Kila asubuhi kabla sijafungua cherehani nilivuka uani, nikasimama mpaka kidonge kimemezwa. Aliniita askari magereza. Kila baada ya majuma mawili tulirudi akazungumze na daktari, wao wawili, mlango umefungwa, mimi nje nasinzia. Binti yake alikaa miezi miwili, mumewe hakunung'unika. Siku nyingine Mpishi hakutaka kuinuka kabisa, tukamwinua. Nilichoka, sitadanganya, kuna siku nilimkasirikia hadi nikalia jikoni kwangu. Asubuhi yake nilivuka tena.

Ikafika siku nimekaa nashona gauni la mteja, nikasikia, "Huyo mwenye gauni hilo ana mabega mangapi?" Niliinua uso. Alikuwa amesimama uani, amechoka, macho yameingia ndani, lakini ameuliza. Nilicheka mpaka nikashindwa kuona tundu la sindano.

Alirudi jikoni kidogokidogo, hitima ndogo, kisha maulidi, kisha harusi. Msikiti ukamrudishia sufuria lake bila maneno mengi. Akarudi na ugomvi wake, na nyama za watu zikaanza tena kutukanwa. Ila kulikuwa na jambo moja. Dawa zake alizificha kwenye kikopo cha iliki, na aliyeuliza aliambiwa ni dawa za presha. Siku za kliniki, presha. Akikataa shughuli kwa kuchoka, presha imepanda. Mtu yuleyule aliyemwambia mama wa bwana harusi kuhusu mbuzi aliyejifia, hapa alikuwa mwoga. Nilimwambia, mama, yupo mtu mahali anafunga siku ya Idi na hajui la kufanya, ukisema wewe atasikia. Akanijibu, "Wewe unashona, hakuna anayeitia nguo yako mdomoni." Nikawa naitikia presha pamoja naye.

Mwaka huu, wiki chache zilizopita, nilitoka Lindi kununua vitambaa. Nikashuka Nangurukuru asubuhi, nikapakia mzigo wangu kwenye gari la Masoko, nikaenda kutafuta chai. Nikamwona. Alikuwa amesimama kando ya muuza mihogo ya kukaanga, peke yake, na kipochi kidogo kwapani. Mihogo ilikuwa imeungua, na hakusema lolote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kwema?"

"Ugonjwa umerudi," akasema. Hakuzungusha. "Wiki ya pili hii silali. Juzi nilipika harusi, nikaonja mchuzi, sikusikia kitu. Watu wakasema mtamu. Mimi sikusikia kitu."

"Na dawa?"

"Nakunywa. Lakini umerudi."

"Yale mawazo?"

"Leo alfajiri, mara moja. Ndiyo maana unaniona hapa."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nimekupigia jana, simu yako imezima. Nikakaa kitandani, nikasema nimngoje arudi. Kisha nikasema, kliniki ni mwezi ujao, na huyu anarudi lini sijui. Nikafunga mlango, nikaja." Akajifunga kanga upya. "Nimetoka Masoko peke yangu. Nusura nishuke nirudi, mara mbili."

Gari la Kivinje lilikuwa linajaza, ndilo linalopita hospitali. Ndani walikuwemo wanawake wawili wa mtaa wetu, na mmoja wao Mpishi alikuwa amempikia harusi ya mwanawe juzi hiyohiyo. Wakatuamkia. Mpishi akaweka mguu mlangoni, konda akamshika mkono kumpandisha, akauliza kwa sauti ya makonda wote, "Mama, unashuka wapi?"

Nilingoja presha.

"Hospitali," Mpishi akasema. "Kliniki ya akili. Unishushe getini, leo miguu haina nguvu."

Yule mama wa harusi akageuka kumtazama. "Kwani, mama, si presha?"

"Presha sijawahi kuwa nayo. Sogea nikae."

Akasogea, na baada ya kidogo akampokea kipochi, akakipakata yeye. Konda akanigeukia mimi niliyekuwa bado nimesimama chini, na kule ng'ambo gari la Masoko lenye vitambaa vyangu linapiga honi.

"Dada, wewe je?"

"Hapohapo anaposhuka yeye," nikasema, nikapanda.